Kukarabati au Kubadilisha? Kalipa za Breki za Land Rover na Land Cruiser katika Historia ya Gereji za Tanzania na Kenya, 1970–2016

1.0 Utangulizi

Gari linaloingia Kreta ya Ngorongoro huteremka takriban mita 600 kutoka ukingoni hadi sakafu ya bonde. Magari yanayoruhusiwa kushuka huko ni yale yanayoendeshwa kwa magurudumu manne, na kwa miongo kadhaa mengi kati yake yamekuwa Land Rover na Toyota Land Cruiser. Uzito wote wa gari, abiria na mizigo huzuiliwa, kwa sehemu kubwa, na vipande viwili vya chuma cha kusubu vilivyofungwa kwenye magurudumu ya mbele. Mafundi huviita kalipa. Kalipa ni kishikilio kinachokumbatia diski ya breki. Ndani yake mna pistoni zinazosukumwa na mafuta ya breki ili pedi mbili ziibane diski kutoka pande zote mbili.

Kalipa ya gari kuukuu inapovuja au kung'ang'ania, fundi na mwenye gari hukabiliwa na swali moja: ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mipira mipya, au itolewe na kufungwa nyingine? Kwa mtazamo wa haraka swali hili ni la gereji, halihusiani na taaluma ya historia. Makala hii inahoji kinyume chake. Jibu la swali hilo limebadilika mara kadhaa tangu miaka ya 1970, na kila badiliko limefuata mwenendo wa fedha za kigeni, sera ya biashara na mgawanyo wa wajibu baina ya dola, mfanyabiashara na fundi.

Wanahistoria wa teknolojia wamekwisha kufungua njia hii. David Edgerton, katika *The Shock of the Old*, alionyesha kwamba historia ya teknolojia ikiandikwa kwa kufuata uvumbuzi peke yake huacha nje matumizi na matunzo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya chombo chochote. Kuhusu Afrika Mashariki, Kenneth King aliandika juu ya mafundi wa jua kali wa Kenya, na Joshua Grace, katika *African Motors* (2021), aliwaweka mafundi wa magari wa Tanzania katikati ya historia ya maendeleo. Kazi hizo zinaitazama gereji kwa upana wake. Makala hii inachukua kipuri kimoja tu, kwa kuwa kipuri kimoja huonyesha jambo ambalo mtazamo mpana hulipita: kwamba ukarabati na uagizaji kutoka nje havikuwa njia mbili zinazopingana, bali ukarabati wenyewe ulitegemea uagizaji wa vitu vidogo sana.

2.0 Kutoka Ngoma hadi Diski

Land Rover ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1948, ilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Katika mfumo huo, viatu vya breki hupanuka ndani ya ngoma ya chuma kwa nguvu ya silinda ndogo ya gurudumu. Udhaifu wake kwenye njia mbaya ulijulikana mapema. Maji na tope vikiingia ndani ya ngoma havitoki upesi, na joto la mteremko mrefu huifanya ngoma ipanuke na kujitenga na viatu, hivyo pedeli huzama zaidi huku gari likizidi kwenda.

Wazo la diski lilikuwa la zamani. Frederick Lanchester alilipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1902, lakini lilipata umaarufu baada ya magari ya Jaguar yenye diski za Dunlop kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953. Katika magari ya porini mabadiliko yalichelewa. Range Rover ilitoka mwaka 1970 ikiwa na diski kwenye magurudumu yote manne. Toyota iliweka diski za mbele kwenye Land Cruiser katika muongo huohuo. Land Rover ya kazi ilisubiri hadi One Ten ya mwaka 1983, gari ambalo baadaye liliitwa Defender. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984 na kuenea sana katika serikali, mashirika ya misaada na kampuni za utalii za Afrika Mashariki, nazo zilikuja na diski mbele na ngoma nyuma.

Kwa hiyo fundi wa Arusha au Nakuru aliyekutana na kalipa katika miaka hiyo alikuwa tayari bingwa wa kitu kingine, yaani silinda ya gurudumu. Vitu hivyo viwili hufanana kwa kazi lakini hutofautiana kwa umbo. Katika silinda ya gurudumu, mpira wenye umbo la kikombe hukaa juu ya pistoni na kusuguana na ukuta wa tundu. Hivyo ukuta ndio unaopaswa kuwa laini, na kuusugua kwa jiwe au msasa mwembamba kulikuwa sehemu ya kawaida ya ukarabati. Katika kalipa, mpira hukaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye tundu, na pistoni ndiyo inayopita katikati yake. Sehemu inayoziba mafuta ni uso wa pistoni, si ukuta wa tundu. Fundi aliyehamisha ujuzi wa silinda kama ulivyo angeweza kusugua tundu kwa bidii na kurudisha pistoni yenye vishimo vya kutu, na kalipa ingevuja tena baada ya muda mfupi. Ujuzi wa zamani ulipaswa kufundishwa upya, na sehemu kubwa ya ufundishaji huo ilifanyika chini ya miti na kwenye gereji za mitaani, si darasani.

3.0 Kinachoharibika na Kisichoharibika

Hoja ya makala hii inategemea jinsi kalipa inavyozeeka. Kiwiliwili chake ni chuma kizito cha kusubu, nacho kikitunzwa kinaweza kudumu kuliko gari lenyewe. Pistoni za magari mengi ya enzi hiyo zilikuwa za chuma kilichopakwa kromiamu. Mipira ni ya aina mbili: wa ndani, wenye ukingo wa mraba, unaozuia mafuta, na wa nje, unaozuia vumbi na maji. Mpira wa ndani una kazi ya pili isiyoonekana. Breki inapokanyagwa hujipinda pamoja na pistoni, na breki inapoachiwa hurejea katika umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Mpira uliokakamaa hauwezi kufanya hivyo, na pedi huendelea kugusa diski hata dereva akiwa ameondoa mguu.

Uharibifu huanzia kwenye mafuta ya breki, ambayo kwa kawaida ni ya jamii ya glaikoli na hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kwa kiasi kinachotumiwa katika vipimo, kiwango hicho hushuka hadi 140. Maji hayohayo huleta kutu ndani. Kwa nje, mpira wa vumbi ukichanika, tope, chumvi ya pwani au magadi ya Bonde la Ufa hufika kwenye pistoni. Kromiamu hutoboka, vishimo vidogo hutokea, na kila pistoni inapopita hukwaruza mpira wa ndani.

Ukarabati kamili, basi, ni kutoa pistoni, kusafisha mifereji ya mipira, kubadilisha mipira yote, kubadilisha pistoni zilizotoboka, kutia mafuta mapya na kutoa hewa katika mfumo. Kalipa nyingi za Land Rover na Land Cruiser zimeundwa kwa nusu mbili zilizokazwa kwa bolti, na miongozo mingi ya watengenezaji hukataza kuzitenganisha nusu hizo. Kazi yote hufanywa zikiwa zimeungana. Katika orodha hiyo ya kazi, chuma kizito hakibadilishwi. Kinachobadilishwa ni mipira yenye uzito wa gramu chache na, pengine, pistoni.

4.0 Tanzania: Uhaba na Mpira Usiochongeka

Tanzania iliingia katika zama za diski wakati fedha za kigeni zilipokuwa zikikauka. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya 1978–1979 viliteketeza akiba na magari. Uagizaji wa magari ulikuwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation, na kila kipuri kilichohitaji fedha za kigeni kilipita katika mlolongo wa vibali. Magari mengi ya halmashauri, hospitali za misheni na mashirika ya umma yaliwekwa juu ya mawe, si kwa sababu injini zilikuwa zimekufa, bali kwa kukosa vitu vidogo.

Ni rahisi kukieleza kipindi hiki kama zama za dhahabu za ukarabati, wakati ambapo uhaba ulizaa ubunifu. Ubunifu ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa. Karakana zenye mashine za kukereza, ziwe za reli, viwanda vya sukari, misheni au zile zilizosaidiwa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ziliweza kuchonga vipuri vingi vya chuma. Pistoni ya kalipa ni mcheduara wa chuma, na mkerezaji hodari aliweza kuichonga, ingawa bila kromiamu isingedumu kama ya awali isipokuwa imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Hata hivyo, kalipa inaonyesha mpaka wa ubunifu huo. Mpira wa ndani haukuweza kuchongwa. Unahitaji mchanganyiko maalumu wa mpira unaostahimili glaikoli na joto, na kipimo chenye usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya gurudumu hauwezi kuzuia mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo la breki. Vilevile, aliyekosa mafuta ya breki akatia mafuta ya injini aliangamiza mfumo mzima, kwa sababu mafuta ya madini huvimbisha na kulainisha mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya glaikoli. Hapa ndipo uhaba ulipogeuza hesabu ya kawaida: chuma kizito na cha ghali kilikuwepo nchini, lakini kilichokosekana ni mpira mwepesi na wa bei ndogo. Gari moja lilichinjwa ili mengine mawili yatembee, na mara nyingi kilichotafutwa ndani ya gari lililochinjwa ni mipira na pistoni ambazo bado zilikuwa nzima.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sera ya fedha za kigeni ya kipindi hicho iliufanya ufa usizibike. Ilikuwa vigumu kupata kibali cha mipira, ilhali gari jipya zima lingeweza kufika kupitia mradi wa wafadhili likiwa na kalipa mpya, kisha likaanza safari ileile ya kuelekea kwenye mawe. Kwa maana hiyo, kubadilisha gari zima kulikuwa rahisi kuliko kukarabati kipuri chake kimoja, na gharama ya mwisho ilibebwa na mgonjwa aliyesubiri gari la zahanati ambalo halikutembea.

5.0 Kenya: Kiwanda, Jua Kali na Utambuzi wa Dola

Kenya ilifuata njia tofauti bila kuikwepa kabisa shida hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 viwanda vya kuunganisha magari vilianzishwa Thika na Mombasa, na Land Rover zilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa Thika. Kuunganisha hakukuwa kutengeneza. Vipande vilitoka ng'ambo. Lakini kuwepo kwa viwanda na mawakala kulifanya mipira na pistoni halisi zipatikane kwa urahisi zaidi kuliko ng'ambo ya mpaka, na maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi yakawa kituo cha wanunuzi kutoka mbali.

Kando ya maduka hayo walikuwepo mafundi wa jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliwahi kuwatambua watu wa sekta hii kuwa wazalishaji, si wazururaji, na Waraka wa Kikao Na. 2 wa mwaka 1992 ukaifanya jua kali kuwa suala rasmi la sera. Jambo moja halikupewa uzito unaostahili katika utambuzi huo. Fundi wa jua kali alisifiwa kwa kutengeneza ajira na bidhaa za bei nafuu, lakini ukarabati wa breki hauzalishi bidhaa mpya. Huzalisha usalama, ambao haupimwi sokoni. Mwenye gari hawezi kuitofautisha kalipa iliyokarabatiwa vyema na iliyofutwa tu kutu kwa nje, kwani zote mbili husimamisha gari uani kwenye gereji. Tofauti hujitokeza katika mteremko wa Mai Mahiu, joto likishapanda.

6.0 Soko Huria na Kugeuka kwa Swali

Tanzania iliruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kuanzia mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaingia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kenya ilifungua zaidi milango yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari ya mtumba kutoka Japani, mengi kupitia Dubai, yalifuatwa na vipuri vya mtumba, kisha na vipuri vipya vya bei nafuu kutoka viwanda mbalimbali vya Asia. Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam zikajaa vitu ambavyo miaka kumi kabla vilihitaji kibali cha wizara.

Sasa swali liligeuka. Katika miaka ya uhaba, kubadilisha kulikuwa ndoto na kukarabati kulikuwa lazima isiyokamilika. Katika soko huria, mipira halisi ilipatikana na ukarabati kamili ukawezekana kwa mara ya kwanza kwa watu wengi. Lakini wakati huohuo kalipa nzima ilipungua bei kiasi cha kuifanya kazi ya saa kadhaa ya fundi ionekane haina maana. Chaguzi zikawa nne: kuikarabati kalipa ya awali, kununua ya mtumba, kununua mpya ya mtengenezaji, au kununua mpya isiyojulikana asili yake.

Chaguzi hizo hazilingani kwa usalama, na lebo ya "mpya" haitoshi kuzipanga. Kalipa ya mtumba huja na mipira yenye umri usiojulikana. Anayeifunga bila kuifungua amenunua tatizo lilelile kwa mara ya pili. Kalipa mpya ya asili isiyojulikana inaweza kuwa na chuma kilichosubiwa vibaya au mipira duni, na mnunuzi hana njia ya kuvijua hivyo kwa macho. Kalipa ya awali, ikiwa kiwiliwili hakina ufa, mifereji haijaliwa na kutu, na pistoni ni mpya au nzima, inaweza kurejeshwa katika hali inayokaribia ya kiwandani. Kwa upande mwingine, mifereji ikiliwa na kutu mpira haukai sawasawa, na hapo hakuna msasa utakaosaidia. Kuikarabati kalipa ya namna hiyo ni kumdanganya mwenye gari.

7.0 Nani Anabeba Hatari?

Dola zote mbili zilijaribu kujibu kwa njia ya viwango. Shirika la Viwango la Kenya lilianza mwaka 1974 na la Tanzania mwaka 1975. Baadaye zote mbili zilianzisha utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka nchi zitokako. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008, na iliweka ukomo wa miaka minane kwa magari ya mtumba yanayoingizwa nchini. Tanzania iliendelea kutegemea Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kuhusu ubovu wa magari.

Hatua hizo zina mantiki moja: hukagua kitu kinapoingia nchini. Kalipa iliyo ndani ya Land Cruiser ya mwaka 1990 iliingia zamani. Ubora wake wa leo haukutokana na cheti cha forodhani bali na mkono wa mtu aliyeifungua mara ya mwisho, na mtu huyo hatajwi katika viwango hivyo. Matokeo yake ni mgawanyo wa hatari usio sawa. Mtengenezaji wa kipuri duni hajulikani, muuzaji hukana, na ajali ikitokea fundi na dereva ndio wanaopatikana. Katika mazingira hayo, fundi anayeshauri kubadilisha hujilinda, kwa kuwa kipuri kipya kinaweza kulaumiwa badala yake; anayeshauri kukarabati huchukua dhamana mwilini mwake. Kuna sababu ya kuamini kwamba kupungua kwa ukarabati hakuelezwi na bei peke yake. Wajibu nao ulihama: ulitoka kwenye kazi ukaenda kwenye boksi.

Hasara ya kimaarifa si ndogo. Kijana anayejifunza kufungua bolti mbili na kufunga kalipa mpya hajifunzi kuisoma pistoni, kuutambua mpira uliovimba kwa mafuta yasiyofaa, wala kwa nini kalipa za pande zote mbili za ekseli hushughulikiwa kwa pamoja ili gari lisivute upande mmoja. Maarifa hayo ndiyo yanayohitajika pia kuitambua kalipa mpya iliyo mbovu. Gereji inayoacha kukarabati hupoteza taratibu uwezo wa kuhukumu kile inachokinunua.

8.0 Hitimisho

Makala hii imefuata kalipa ya breki kuanzia Range Rover ya mwaka 1970 hadi mwisho wa uzalishaji wa Defender mnamo Januari 2016. Imeonyeshwa kwamba kukarabati na kubadilisha havikuwa hatua mbili za maendeleo, moja ya umaskini na nyingine ya ustawi. Katika Tanzania ya miaka ya uhaba, ukarabati ulikwamishwa na kukosekana kwa mpira wa gramu chache, na gari zima lilipatikana kwa urahisi kuliko mpira huo. Nchini Kenya, upatikanaji ulikuwa bora lakini kazi ya ukarabati haikupata kipimo katika sera iliyohesabu bidhaa na ajira. Soko huria lilipoleta mipira, lilileta pia sababu za kuacha kuitumia.

Kwa watafiti, matokeo haya yanapendekeza kwamba takwimu za uagizaji wa magari zisomwe pamoja na zile za vipuri vidogo, kwani ndivyo vilivyoamua gari litembee miaka mitano au thelathini. Kwa watunga sera, yanaonyesha pengo mahususi: ukaguzi unaoishia bandarini haumfikii mtu anayeifungua kalipa. Land Rover na Land Cruiser za zamani bado ziko kazini Arusha, Karatu na Narok, na Defender iliyotoka kiwandani mwaka 2016 nayo itazeeka. Mfumo wa mafunzo na ithibati unaompima fundi kwa kazi yake, na unaomwezesha kuandika jina lake kwenye kazi hiyo bila kuhofia kubeba makosa ya wengine, ungegusa breki nyingi zaidi kuliko zile zinazopita forodhani kila mwaka.